Seti moja mpaka misuli igome: inatosha?

*"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 27, uzito kilo 64, naishi Mbagala. Huu ni mwezi wa nane niko jimu ya mtaani, siku sita kwa wiki, saa mbili kila siku. Kila zoezi napiga seti saba, chuma kilekile, mara 10 kila seti. Miezi mitatu ya mwanzo nilitanuka, tangu hapo sioni badiliko. Rafiki yangu kanionyesha video za Mmarekani wa zamani, Mike Mentzer, anayesema seti moja tu ukiifanya mpaka misuli igome inatosha, kisha upumzike siku kadhaa. Nani mkweli, yeye au sisi wa seti saba? Na je, nisiposikia maumivu kesho yake, misuli inakua? Mama yangu ana miaka 63, ananicheka, anasema nguvu mtu huzaliwa nazo."*

Marahaba, kijana wangu.

Rafiki yako hakukudanganya, ila kakuletea habari nusu. Seti moja ya nguvu, yaani mfululizo mmoja wa kunyanyua bila kupumzika, kweli hukuza misuli. Seti mbili au tatu za aina hiyo hukuza zaidi. Lakini tatizo lako silioni hapo kabisa. Naliona kwenye sentensi uliyoipitia haraka: chuma kilekile, mara 10, seti zote saba. Mtu anayeweza kukipandisha chuma mara 10 kwenye seti ya saba, kwenye seti ya kwanza alikiacha akiwa bado na mara sita au nane mkononi. Kwa hiyo katika zile saa mbili zako, dakika ambazo misuli ililazimika kubadilika ni chache sana, pengine hakuna. Unachoka, unatoka jasho, unarudi nyumbani umeridhika. Nilifanya hivyohivyo kwa miaka miwili nikiwa na umri wako, na hakuna aliyeniambia.

Ili uelewe kwa nini ukali wa seti una maana kuliko wingi wake, lazima tuingie kidogo ndani ya msuli.

Msuli ni fungu la nyuzi, kila uzi una unene wa unywele au pungufu. Ubongo hauamrishi uzi mmoja mmoja. Neva moja inayotoka kwenye uti wa mgongo hushika kikosi kizima: vikosi vidogo vina nyuzi chache zisizochoka upesi, vikosi vikubwa vina nyuzi nyingi, nene, zenye nguvu, lakini zinazochoka haraka. Elwood Henneman wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha katika miaka ya 1950 na 1960 kwamba vikosi hivi huitwa kwa utaratibu: vidogo kwanza, vikubwa mwisho. Fikiria watu wanapandisha jahazi pwani. Wanaanza vijana wadogo. Likisogea, wale wenye mabavu wanabaki kivulini na kahawa zao. Likikwama ndipo wanapoitwa, na hapo ndipo "harambee" inaposikika mpaka mtaa wa pili.

Sasa, hao wa kivulini ndio wenye nafasi kubwa zaidi ya kunenepa. Na uzi ambao haukuitwa kazini hauna sababu ya kukua. Kuna njia mbili za kuwaita. Ya kwanza, weka mzigo mzito tangu mwanzo, jahazi lisitikisike bila wao. Ya pili, weka mzigo mwepesi, lakini endelea mpaka wale wadogo wachoke na ubongo ukose pa kukimbilia. Njia zote mbili zinafika, mradi usitue chuma mapema. Wewe umekuwa ukikitua wakati wenye mabavu bado wanakunywa kahawa.

Uzi ulioitwa ukivuta kwa shida, polepole, ukiwa umekazwa, ndani yake kuna vihisi vinavyoupokea ule mkazo na kuugeuza kuwa amri ya kikemikali. Msimamizi mkuu wa amri hiyo ni protini iitwayo mTOR. Utengenezaji wa protini mpya ndani ya uzi hupanda na kubaki juu kwa saa 24 hadi 48, kisha hushuka. Pembeni ya uzi kuna seli ndogo zilizolala, seli setelaiti, ambazo Alexander Mauro alizieleza mwaka 1961. Zikiamshwa hujiunga na uzi na kuuongezea viini, ili uzi mnene zaidi upate wa kuuendesha. Unachokiona kwenye kioo baada ya miezi ni nyuzi zilezile zikiwa zimenenepa.

Hapo nimeshajibu swali lako la maumivu, lakini nilifafanue, maana ndilo kosa ninalolisikia kila siku jimu: kwamba msuli huchanika, kisha hushonwa ukiwa mkubwa zaidi, na maumivu ndiyo risiti ya kuchanika. Sivyo. Watafiti wa Brazil wakiongozwa na Felipe Damas walichapisha mwaka 2016 kazi iliyofuatilia watu kwa wiki 10 tangu siku yao ya kwanza ya mazoezi. Mwanzoni, walipokuwa wameumia sana, protini nyingi ilitengenezwa lakini ilikwenda kwenye ukarabati. Uzalishaji huo ulianza kuendana na ukuaji wa kweli baadaye, maumivu yalipokuwa yamepungua. Maumivu ya kesho yake huja zaidi unapofanya jambo geni au unaposhusha mzigo kwa mkazo. Ukishuka Kilimanjaro mapaja yatakuuma siku nne, na hayatakuwa makubwa kwa sababu hiyo. Kwa hiyo usiyatafute. Yakija, sawa; yasipokuja, angalia daftari lako, nitalifikia.

Turudi kwa ubishi wa seti moja au nyingi. Kuna jaribio ninalolipenda kwa sababu liliziweka pande zote kwenye mizani moja. Lilifanyika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, likachapishwa mwaka 2012. Vijana wa kiume 18 walifanyisha mapaja yao mazoezi ya kunyoosha goti kwa mashine, mguu mmoja mmoja, mara tatu kwa wiki kwa wiki 10. Kila seti ilikwenda mpaka mguu ugome. Miguu iliyopewa seti moja nzito, kwa asilimia 80 ya uzito wa juu kabisa inaouweza, iliongeza ujazo wa msuli kwa asilimia 3.2. Iliyopewa seti tatu nzito iliongeza asilimia 7.2. Na iliyopewa seti tatu nyepesi, asilimia 30 tu, iliongeza 6.8. Watu walikuwa wachache na tofauti kati ya makundi haikutosha kutangaza mshindi kwa hesabu za takwimu, hivyo usizikariri tarakimu hizi kama jedwali la kuzidisha. Lakini tazama sura yake: seti moja ilifanya kazi, tatu zilionekana kufanya zaidi, na uzito wa chuma peke yake haukuwa hoja kubwa mradi msuli umegoma.

Mwaka 2017 Brad Schoenfeld na wenzake walikusanya tafiti 15 za namna hii, wakapanga watu kwa idadi ya seti kwa kila msuli kwa wiki. Waliofanya chini ya seti 5 walikua kwa wastani wa asilimia 5.4. Waliofanya 5 hadi 9, asilimia 6.6. Waliofanya 10 na zaidi, 9.8. Mtu mwenye kazi ya kutwa na foleni ya kwenda na kurudi anaweza kuzitazama hizo namba akasema: seti nne kwa wiki zinanipa zaidi ya nusu ya anachopata mwenzangu wa kumi, basi zinanitosha. Mimi simlaumu hata kidogo.

Basi huyo Mentzer alitoa wapi imani yake? Hapa nitakaa kidogo, maana hadithi hii inazunguka kwenye simu za vijana ikiwa imekatwa miguu.

Mwanzo wake ni Arthur Jones, Mmarekani aliyeanzisha kampuni ya mashine za mazoezi ya Nautilus mwaka 1970. Alikuwa mtu mwenye akili, mbishi, tena mfanyabiashara. Alihubiri mazoezi mafupi na makali mno, seti moja kila mashine mpaka kugoma. Mwezi Mei 1973 alifanya jaribio katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado. Mhusika mkuu alikuwa Casey Viator, aliyetwaa taji la watunisha misuli la Bw. Marekani mwaka 1971 akiwa na miaka 19. Kwa siku 28, akifanya vipindi 14 vya chini kidogo au juu kidogo ya nusu saa, Viator alipanda kutoka karibu kilo 76 hadi 96. Jones akatangaza kwamba, ukitoa mafuta aliyopoteza, msuli ulioongezeka ni zaidi ya kilo 28. Kilo moja ya msuli kwa siku! Ng'ombe wa kunenepeshwa hawezi.

Kinachokatwa kwenye video ni hiki: miezi michache kabla, Viator alipata ajali kazini akapoteza sehemu ya kidole, kisha sindano aliyochomwa ikamletea mzio uliokaribia kumuua. Alikonda vibaya. Kwa hiyo Colorado haikumwona mtu akijenga nyumba. Ilimwona akirudisha bati zilizoezuliwa na upepo. Msuli uliowahi kuwa mkubwa hurudi kwa kasi ambayo msuli mpya hauijui, na hilo utalishuhudia mwenyewe ukiugua malaria ukakaa nje mwezi mzima. Ongeza kwamba alikuwa na maumbile ya mmoja kati ya laki, alilishwa kutwa, na msimamizi wa jaribio ndiye muuza mashine.

Mentzer alikutana na Jones kupitia huyo Viator, akayachukua mafundisho na kuyabana zaidi. Mwaka 1978 alishinda taji la Bw. Ulimwengu kwa alama kamili. Alifariki mwaka 2001 akiwa na miaka 49. Baada ya zama zake jukwaani, Mwingereza Dorian Yates alishinda taji la Bw. Olympia mara sita mfululizo, 1992 hadi 1997, akifanya seti moja ya kufa na kupona kwa kila zoezi katika jimu yake ya chini ya ardhi mjini Birmingham. Lakini kabla ya seti hiyo moja alikuwa na seti za kupasha moto zilizokuwa nzito kuliko seti za wengi wetu, na msuli mmoja alikuwa akiupitisha kwenye mazoezi matatu au manne. Hesabu vizuri: hiyo si seti moja kwa wiki. Na mwili ulimdai. Alichanika msuli wa mbele wa mkono mwaka 1994, na wa nyuma ya mkono mwaka 1997, akastaafu.

Kuna jambo jingine ambalo mwalimu mwenzangu yeyote akilificha anakuonea. Yates mwenyewe amezungumza hadharani kuhusu kutumia steroidi, dawa za homoni za kukuza misuli. Mwaka 1996 Shalender Bhasin na wenzake walichapisha jaribio la wiki 10 kwa wanaume waliozoea mazoezi. Waliochomwa testosteroni, homoni ya kiume, kwa dozi kubwa bila kunyanyua chochote waliongeza takriban kilo 3 za mwili usio mafuta. Walionyanyua vyuma bila dawa waliongeza karibu kilo 2. Waliounganisha vyote, kilo 6. Soma tena hapo kwanza: aliyekaa kwenye kochi na sindano alimzidi aliyefanya mazoezi. Ndiyo maana programu ya mtu wa sindano haithibitishi lolote kuhusu programu yako. Baunsa wa mtaani kwenu akikwambia siri yake ni seti moja, au seti ishirini, msikilize kwa adabu tu. Na usinunue anachouza kwenye vichupa. Moyo na korodani havina duka la vipuri.

Haya, tushike kazi.

Acha siku sita. Nenda siku tatu, ukiacha siku moja katikati: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Kila siku mwili mzima, mazoezi matano: kuchuchumaa na chuma mabegani, kusukuma ukiwa umelala kwenye benchi, chinapu (kuning'inia kwenye bomba na kujivuta juu), kusukuma chuma juu ya kichwa, na kuinama na chuma kwa miguu iliyolegezwa kidogo ili kuvuta misuli ya nyuma ya paja. Kila zoezi seti mbili ngumu baada ya moja nyepesi ya kupasha mwili. Hizo ni seti sita kwa wiki kwa kila zoezi, na kwa kuwa mikono inashiriki kwenye benchi, chinapu na bega, yenyewe itapata zaidi. Chagua mzigo utakaokugomea kati ya mara 6 na mara 12. Shusha kwa sekunde mbili, usiuachie uanguke. Pumzika dakika mbili mpaka tatu kati ya seti. Najua wenzako watakuona mvivu, wewe kaa. Usipopumzika, pumzi ndiyo itakayogoma kabla ya misuli.

Je, ufike mpaka kugoma kabisa? Si kila seti. Ukiacha ikiwa imebaki mara moja au mbili, faida inakaribia kuwa ileile na uchovu ni mdogo zaidi. Shida ni kwamba asiyezoea hajui imebaki mara ngapi. Anadhani mbili kumbe sita. Kwa hiyo jifunze kugoma kwenye mazoezi yasiyoua: pushapu, chinapu, kukunja mkono. Fanya mpaka mwili ukatae kabisa huku bado unalazimisha, uone sura yake ilivyo. Kwenye benchi usithubutu bila mtu wa kukushika, hasa kama jimu yenu ni ya vyuma vya saruji kwenye makopo ya rangi. Sahani ya kawaida, lile gurudumu la uzito linalovikwa mwishoni mwa chuma, unaweza kuinamisha chuma ikateleza ukaokoka. Kopo lililogandishwa kwenye bomba halitelezi popote, litakulalia kifuani.

Na hivyo vyuma vya saruji, vipime. Beba kimoja kimoja kwa muuza nafaka uombe mizani yake. Nimeshakuta kopo la kulia likilizidi la kushoto kwa karibu kilo mbili, na kijana amekuwa akishangaa kwa nini bega moja linashuka.

Daftari sasa. Andika tarehe, zoezi, mzigo, idadi. Wiki hii umesukuma mara 8, wiki ijayo tafuta 9. Ukifika 12 kwenye seti zote mbili, ongeza mzigo, urudi 7 au 8, uanze kupanda tena. Daktari wa jeshi la Marekani Thomas DeLorme ndiye aliyeuweka utaratibu huu kwenye maandishi ya tiba mwaka 1945, akiwatibu askari waliotoka vitani na magoti mabovu. Alianza kwa kuwapa seti 7 hadi 10 kila kipindi, kama wewe. Kufikia mwaka 1948 alikuwa ameshazipunguza hadi 3, maana zilizobaki zilikuwa zinachosha tu. Kama vyuma vyenu havina uzito wa kuongeza, ongeza idadi, au punguza mwendo wa kushusha. Namba zikipanda mwezi hadi mwezi, misuli inafuata, uumwe usiumwe.

Chakula hakihitaji kopo la unga wa laki na ushee. Lengo ni kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwako ni gramu 102 hivi. Mayai matatu yana kama 18. Maharage yaliyopikwa vikombe viwili, kama 30. Dagaa wakavu gramu 50, kiganja kilichojaa vizuri, karibu 30. Glasi mbili za maziwa au mtindi, 16. Ugali wenyewe nao hauji mikono mitupu. Umefika, na hujapita dukani. Dagaa hasa ningekupigia magoti uwaheshimu. Zaidi ya nusu ya uzito wao wakiwa wakavu ni protini. Ila kula pia ushibe. Kilo 64 zisiposogea kwenye mizani kwa wiki sita, ongeza wanga na mafuta, si protini. Na lala saa saba, nane.

Mambo mawili ya hatari. Usibane pumzi muda mrefu chini ya mzigo mzito. Presha hupanda ghafla, na ukiwa na historia ya presha kwenye familia, pima kwanza. La pili: mtu akirudi baada ya mapumziko marefu, akajipa adhabu siku moja, misuli inaweza kubomoka kiasi cha kumwaga vitu vinavyoziba figo. Ukiona misuli imevimba, inauma kupita kiasi, na mkojo una rangi ya chai ya rangi iliyokolea, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri asubuhi.

Mama nimemwekea mwisho. Mwambie ana haki kidogo, maumbile tumepewa tofauti. Kisha msimulie habari ya Boston. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake walichapisha jaribio walilofanya kwa wazee 10 wa nyumba ya kulelea, wa miaka 86 hadi 96. Waliwapa mazoezi ya miguu kwa mzigo mzito hasa, asilimia 80 ya uwezo wao, mara tatu kwa wiki kwa wiki nane. Tisa walimaliza. Nguvu zao za miguu zilipanda kwa wastani wa asilimia 174, na msuli wa paja uliongezeka kwa asilimia 9. Hao ni wa miaka tisini. Mama ni binti tu.

Aanze na kiti cha jikoni kisichoyumba, kiwekwe kando ya ukuta. Akae, ainuke bila kushika popote, polepole, mpaka abaki na mara moja au mbili tu mwilini. Apumzike dakika mbili, arudie. Siku mbili kwa wiki, baada ya kupimwa presha. Akifika mara 15 bila shida, mpe kidumu cha maji cha lita tatu akikumbatie kifuani. Naye mfungulie daftari lake.